Mama wa Kukodi

Wanafunzi walimwita Bi Pole, kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla ya salamu. Alikuwa mwalimu wa unasihi katika shule ya sekondari ya kutwa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Chumba chake kiliwahi kuwa stoo ya vifaa vya michezo, na hata baada ya kupakwa rangi upya kiliendelea kunuka mpira. Kiti cha mgeni alikiweka ubavuni mwa meza, maana mtoto anayekabiliwa uso kwa uso hujibu kama mshtakiwa. Mumewe alizoea kumtania kwamba nyumbani huletewa makombo ya maneno tu. Mazuri yote yameshaliwa shuleni.

Sehemu moja ya kazi yake haikuandikwa popote. Mwanafunzi mkosaji alirudishwa nyumbani kwa agizo fupi: "Njoo na mzazi." Wanafunzi nao, kwa kuwa penye nia pana njia, walikodi wazazi: shangazi wa rafiki, muuza mitumba, na safari moja mlinzi wa benki aliyesahau kuvua beji. Bodi ya shule ilipochoka, iliamua kwamba atakayeleta mzazi wa kukodi afukuzwe moja kwa moja. Tangu hapo Bi Pole aliketi pembeni katika mahojiano hayo, na naibu mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Kipyenga, alingoja ishara yake. Akisema, "Mgeni angeletewa maji," mgeni alikuwa wa bandia. Ilisemekana hajawahi kukosea.

Mzazi wa kweli, alivyojifunza, huja na hasira. Hugombana na mwanawe mlangoni na humwita kwa jina la mdogo wake. Wa kukodi hasahau kitu.

Asubuhi hiyo aliingia binti wa kidato cha nne aliyekuwa akitoroka vipindi. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Akifukuzwa sasa, hana pa kuufanyia. Aliongozana na mwanamke mwenye gauni jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Wewe ni nani kwake?" Kipyenga aliuliza.

"Mama yake mzazi."

"Yuko mkondo gani?"

"Wa sayansi, mwalimu. Darasa lao liko juu, mlango wa pili ukitoka kwenye ngazi."

"Somo linalomshinda?"

"Fizikia. Ila anajitahidi."

"Mwalimu wa darasa?"

"Yule mrefu wa hesabu, mwenye miwani."

Majibu yalitiririka kama maji. Binti alikuwa akiyafuata kwa midomo, neno kwa neno.

"Mgeni angeletewa maji," Bi Pole alisema.

Kipyenga alifunga faili. "Mama, ahsante kwa maigizo. Nenda salama. Na wewe binti, kakabidhi vitabu vya shule."

Watu wa kukodi, wakigunduliwa, huondoka bila hata kuaga. Huyu hakuinuka. Alimgeukia binti.

"Nimekosea lipi?"

"Hukukosea hata moja! Si ndiyo shida? Nilikwambia usijibu haraka haraka!"

"Umenikaririsha kama kasuku, halafu unanigombeza?"

"Punguza sauti, walimu wapo."

"Mimi ni mama yako!"

"Tangu lini?"

Bi Pole alikwishasikia ugomvi wa namna hiyo mara nyingi katika ofisi ile, na haukuwa wa kuigiza. Aliomba radhi kwa naibu, akawachukua wote wawili chumbani kwake.

Mwanamke alikalia kiti cha ubavuni, binti alisimama. Mwanamke alieleza bila kujitetea. Alimwacha mtoto kwa bibi yake, akiwa bado anatambaa, akaenda kutafuta maisha mbali. Sasa amerudi, anafua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na shule. Bibi hataki kumwona mlangoni kwake.

"Kwa hiyo ukitoroka ulikuwa unakwenda huko," Bi Pole alimwambia binti.

"Namsaidia kuanika."

"Mbona hukumleta bibi?"

"Walisema nilete mzazi." Binti aliangalia dirishani. "Ninaye."

"Na majibu yale?"

"Mama wa kweli si anajua mambo ya mwanawe? Sikutaka aaibike."

Bi Pole alirudi kwa Kipyenga peke yake.

"Ni mama yake."

"Si uliomba maji?"

"Nimekosea."

"Wewe?"

"Mimi. Muulize tena. Muulize asichofundishwa."

Kipyenga aliwaita. Alimtazama mwanamke kwa muda. "Mwanao huyu anaogopa nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Anapenda nini?"

"Sijui. Ndiyo kwanza tunajuana." Akafikiri. "Anapenda kunisahihisha."

Binti alibana midomo, lakini kicheko kilimponyoka.

"Hakuna anayelipa fedha yake apate majibu kama hayo," Kipyenga alisema. Kwa utoro, binti angesafisha maabara hadi wiki ya mtihani. Kutoroka tena, hata kwenda kwa mama, kusingesamehewa. "Nenda darasani."

Mwanamke aliinuka. "Nami nirudi lini?"

"Tutakuita."

"Usingoje kuitwa," binti alisema akiwa mlangoni. "Njoo saa ya kutoka. Na hilo gauni lipige pasi." Akapanda ngazi, naye mama akashika njia ya kazini.

Bi Pole hakutoka. Kipyenga alikuwa ameshavuta faili jingine.

"Kuna nini tena, mwalimu?"

"Yule kijana wa mwaka jana. Aliyekuja na baba mwenye majibu mazuri, nami nikaomba maji. Anaishi wapi siku hizi?"

Kipyenga aliweka kalamu chini.

"Nitauliza," alisema.

"Uliza leo," alisema Bi Pole, akaketi kusubiri.