Skrubu ya Kabureta

Mume wangu alinifunza kuendesha pikapu yetu mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye barabara za vumbi za Mbooni. Kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta ili nikate kona, injini ilizima. Alichoka kungoja niiwashe tena, akafungua boneti, akakaza skrubu ndogo ya kabureta, ile inayoamua injini izunguke kwa kasi gani mguu usipokuwa kwenye mafuta. Tangu hapo haikuzima. Hata tukiwa tumesimama ilinguruma kama kinu cha posho.

Yeye alifanya kazi Machakos, akija nyumbani Ijumaa. Siku moja katikati ya wiki mamake, niliyemwita Mwaitu kama mama yangu mzazi, aliteleza kwenye njia ya shambani akiwa na mzigo wa maharagwe, akavunjika mkono. Niliufunga kwa leso, nikamsaidia kupanda pikapu. Hakuwahi kupenda niendeshe. Siku hiyo aliuvuta mlango mwenyewe kwa mkono mzima.

Tulipoanza kuteremka mlima kwenda hospitali nilihisi pikapu inanisukuma. Nilikuwa gia ya pili, mafuta sijayagusa, lakini injini ilikuwa ikitaka kwenda tu. Nikakanyaga breki mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Palipokuwa tambarare kidogo nikasimama, nikatia mawe kwenye magurudumu.

"Mbona tumesimama?"

"Breki zimepata moto, Mwaitu. Tungoje zipoe."

Nilichukua bisibisi chini ya kiti, nikafungua boneti injini ikinguruma, nikailegeza ile skrubu kidogo kidogo. Sauti ikashuka. Nikazidisha, injini ikakohoa, ikataka kuzima.

"Umepitisha," Mwaitu akasema kutoka ndani. "Rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Hapo. Iache hapo."

Breki zilipopoa tukateremka polepole, injini sasa ikituzuia. Hospitalini alifungwa plasta, na jua lilipotua tulikuwa tumefika nyumbani.

Ijumaa mume wangu aliwasha pikapu, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Nani amegusa kabureta?"

Mamake, aliyekuwa akichambua mboga kwa mkono mmoja, akanitangulia kujibu.

"Ni sisi. Na usiikaze tena."

Hakuikaza. Asubuhi za baridi ilinizimikia mara nyingi, nami nikaiwasha tena bila haraka. Mwaitu, ambaye sasa alipenda nimpeleke sokoni Mukuyuni, alikaa kando yangu na kikapu chake mapajani, akangoja.