Masizi Mferejini

Nikiwa mtoto Kikima, tulikatazwa kuteka maji ya mfereji kwa sufuria yenye masizi. Susu, yaani nyanya yangu, alisema maji huchukizwa na weusi huo, yakahama. Mfereji wenyewe ulichimbwa kwa majembe kabla baba zetu hawajazaliwa. Uliteremka kutoka msitu wa kilimani, ukapita nyuma ya maduka ya soko.

Mwende, binti wa fundi viatu, alionekana akitumbukiza sufuria kama hiyo. Kesho yake mfereji ukakauka.

"Babako atatoa mbuzi wa faini," susu alimwambia mbele ya wanawake wenye mitungi mitupu. "Na wewe usikanyage hapa tena."

Kwao kulikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlisha mdogo wake. Mwende hakulia. Alinigeukia.

"Wewe msomi, yamehamia wapi? Twende tukaulize."

"Tumuulize nani?"

"Maji, mjinga wewe."

Tukaufuata mfereji mkavu: nyuma ya bucha ambako mbwa walilamba matope, kando ya kinu cha unga, chini ya ukuta wa kanisa. Juu ya nyumba ya mwisho tulisikia maji. Mawe na udongo vilikuwa vimepangwa kwa mkono, na maji yote yakageukia shamba la maharagwe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama pale, jembe mkononi.

"Yalikuwa yananyauka," alisema. "Msiniseme."

Mwende alitoa mawe moja moja. Upande wa maharagwe aliacha upenyo mdogo.

Tuliporudi sokoni vigelegele vilikuwa vimeanza.

"Umeyaambia nini?" susu aliuliza.

"Nimeyaomba msamaha, susu."

Mbuzi akabaki. Jioni nilimuuliza Mwende kwa nini hakusema ukweli.

"Wangemlipisha yule mama."

Baadaye nilisomea jiolojia chuo kikuu, na mwendo wa maji yale naweza kuueleza bila kutaja masizi. Nilimwoa Mwende. Sikumsikia hata mara moja akiisahihisha hadithi ya susu, nami sikuisahihisha.

Alipofariki mwaka jana, jamaa walikaa sebuleni kwangu wakitafuta ni nani aliyemroga, na jina la jirani yetu mmoja likaanza kutajwa. Niliwaambia ilikuwa saratani. Kisha nikatoka nikamwomba jirani yule awe miongoni mwa wabeba jeneza. Hawakulitaja jina lake tena. Maji yalirudi; Mwende hakurudi. Hata hivyo, hakuna aliyelipishwa.