Jasi Isiyopasuka

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa jiolojia, nilichunguza mteremko mmoja wa Bukavu uliokuwa ukishuka polepole pamoja na nyumba zake. Njia yangu ilikuwa rahisi: ukutani penye ufa unapaka ukanda mwembamba wa jasi, unaandika siku kwa penseli, kisha unasubiri. Jasi haivutiki; ukuta ukisogea hata kidogo, inapasuka.

Katika nyumba ya maman mmoja mjane, muuza makaa, haikupasuka. Nilirudi wiki tatu mfululizo. Uani, ufa wa ardhini ulikuwa tayari unameza kiatu changu. Ndani, jasi ilikuwa nzima. Nilianza kushuku vipimo vyangu, kisha hata vitabu nilivyosomeshwa.

Naye alinishuku mimi. Kila nilipofika alisimama kati yangu na mpaka wa kiwanja chake, akiuliza ni nani aliyenituma. Kwetu, kijana mwenye kamba ya kupimia mara nyingi hutangulia mtu mwenye hati ya pili ya kiwanja kilekile. Nilimweleza kwamba ni masomo tu. Alijibu kwamba hata aliyemnyang'anya dada yake shamba kule Walungu alikuwa amesoma.

Wiki ya nne niliinama karibu zaidi. Mimi husawazisha jasi kwa kisu. Hii ilikuwa na alama za vidole.

"Maman, hii haiko yangu."

"Iko yako. Mufuko ya jasi si uliacha hapa?"

Alikiri bila haya. Kila ilipopasuka aliibandua, akapaka nyingine, akaiga mwandiko wangu.

"Ikipasuka, utaandika. Ukiandika, batakuya kubomoa. Weye utapata diplome. Miye nitalala wapi na batoto?"

Nilimwambia kwamba siwezi kuandika uongo. Nilikiri pia, kwa mara ya kwanza, kwamba sikujua ni nani angeisoma kazi yangu wala angeitumia kwa nini. Alinikagua kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa noti ya dola iliyochanika.

"Acha makaratasi," akasema. "Niambie miye: kitanda kikae wapi?"

Kilikuwa kimeegemea ukuta uleule, na watoto wake wawili walikilalia kila usiku. Tulikibeba hadi chumba cha mbele, mbali na ufa. Yeye alishika upande wa kichwani, akitembea kinyumenyume, asiniondolee macho.