Aliyetusindikiza Mudende

Wenzangu wa kikundi cha matembezi walikwenda Rwanda kupanda milima. Mimi nilikwenda kumchukua binti yangu. Ndani ya begi langu nilikunja begi jingine, kubwa na tupu, la kubebea nguo zake, na sikumwambia mtu. Miezi michache kabla alinipigia simu kutoka Gisenyi, alikoolewa, akalia, akasema amechoka, simu ikakatika. Tangu hapo kila nikimuuliza ananijibu, "Hakuna shida, Mama." Mtu analia bila shida?

Sisi ni wanawake wa Mwanza tulioambiwa na daktari tupunguze miili. Vilima vya kwetu ni mawe matupu, unapanda huku ukiona unakokwenda. Kiongozi wetu, muuguzi mstaafu asiyevua filimbi shingoni, alipanga tupande na gari kutoka Gisenyi hadi Mudende, tumsalimie mama mkwe wa binti yangu, kisha tushuke kwa miguu hadi barabara kuu kule Nyundo. Alivyoeleza yeye, ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Binti yangu alikuja nasi. Njia nzima nilimchunguza nikitafuta dalili. Hakuwa amekonda. Alizungumza na dereva kwa Kinyarwanda, wakacheka kitu nisichokielewa, kisha akanigeukia. "Mama, baridi iko mingi kule juu, jifunike."

Iko mingi! Mtoto niliyemfundisha kusoma mwenyewe. Nikanuna mpaka tulipofika.

Mama mkwe wake ni mjane mrefu, mkulima wa viazi, na zamani aliishi Kongo. Alitupa maziwa ya mgando na viazi vya kuchemsha, akakaa anatutazama tukila. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikatega sikio nisikie anavyomtuma binti yangu, anatumia sauti gani, na sikupata cha kushika. Hakumtuma. Binti mwenyewe alijua vikombe viko wapi.

Wakati tunaaga ukungu ulishuka, ukafunika kila kitu. Mama mkwe akachukua mwavuli, akatoka nasi. Moyoni nikashukuru, tumepata wa kutuonyesha njia, maana binti yangu alibaki nyuma akimshika mkono mwenzetu mwenye goti bovu. Tulipofika njia panda nilimtazama yule mama. Naye akanitazama, akatabasamu. Nikasogea kidogo upande wa kushoto, akasogea. Basi nikajua ni kushoto.

Tukaenda hivyo. Ukuta wa mawe meusi, shamba la viazi, mikaratusi, ukuta mwingine, viazi tena. Tulikuwa tumeahidiwa volkano na hatukuona hata viatu vyetu. Kiongozi wetu akawa anapuliza filimbi, sijui alikuwa anamwita nani. Kila njia panda mimi nilimtazama mama mkwe, yeye akatabasamu, nikajaribu upande mmoja, akanifuata. Nikadhani hiyo ndiyo heshima ya watu wa huku, hawakuambii njia, wanakuacha uione mwenyewe.

Kisha tukamkuta ng'ombe mwenye madoa aliyefungwa kwenye mti, yule yule tuliyempita mwanzo. Hapo niliogopa kweli. Mpaka wa Kongo haukuwa mbali, na sikujua kama tunauelekea au tumeupa mgongo.

"Mama," nikamuuliza, "njia ni ipi?"

Akashangaa. "Mi sijuwi kwenye munaenda, mama. Mi nawasindikiza tu."

Wenzangu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Binti yangu alipotufikia na kuelezwa, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, umemuzungusha muzee wa watu! Anangoja umwambie imetosha. Mgeni ndiye anamwachia mutu arudi. Akigeuka mwenyewe, ataona ni kama amekufukuza."

Kwetu pia tunasindikiza wageni, lakini mwenyeji akichoka anasema mwenyewe, mimi naishia hapa. "Na nisingesema kitu?" nikauliza.

"Angefika na wewe Gisenyi."

Ndipo nilipoitazama miguu ya yule mama. Viatu vya mpira vilikuwa vimejaa tope na alikuwa akihema. Aibu ikanishika. "Imetosha, mama," nikamwambia. "Asante sana. Geuka." Akanikumbatia, akamfunga binti yangu vizuri mtandio shingoni huku akimnong'oneza jambo, kisha akaondoka haraka, na ukungu ukamchukua.

"Bon, twende," binti yangu akasema, akatangulia. Kumbe njia aliijua yeye. Aliujua kila ukuta. Watu waliotokea kwenye ukungu na majembe yao walimwita kwa jina, na mimi nikafuata nyuma kichwa kikinizunguka. Nilimwuliza kama ana furaha. "Niko, Mama," akasema. Sasa hilo nalo ni jibu?

Kesho yake asubuhi akatuleta kituo cha basi na gunia dogo la viazi kutoka kwa mama mkwe wake. Gunia lilikuwa limechanika. "Mama, huna begi?" Nikalitoa lile tupu. Akalikunjua, akalitazama ukubwa wake, akanitazama mimi. Akalijaza viazi, akalifunga zipu.

Nilipoketi alisimama chini ya dirisha langu, mkono wake juu ya ukingo wa kioo. Maneno yangu yalikuwa tayari: panda, twende. Badala yake nikamwuliza ile siku alilia nini.

"Hata mimi sijuwi, Mama. Nilikuwa nimechoka tu."

Basi likawashwa. Hakusema kwaheri, hakuondoa mkono. Alinitazama tu, akatabasamu, na mimi nilikuwa nimeshaliona tabasamu hilo jana, kwenye kila njia panda.

"Imetosha, mwanangu," nikasema. "Geuka."

Akautoa mkono, akaenda haraka. Basi lilianza kupanda kona za Nyundo nikiwa nimepakata begi la viazi, ninalia, na kiongozi wetu ananisugua mgongo akidhani nataka kutapika.