Nyumba Moja, Jina Moja

Fundi wa mtandao alikuwa na mazoea ya kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole kabla ya kuutoboa, kama mtu anayebisha hodi, na kubana misumari midomoni, ndiyo maana maneno yake ya hasira yalipenya katikati ya meno. Siku hiyo yalitoka mengi. Mama mzee wa chumba cha nyuma aliyasikia yote. Huko kwake mtandao ulifika kwa kudonoadonoa; kila binti yake alipompigia simu ya video kutoka mbali, uso wake uliganda kwenye "Shikamoo ma..."

"Kifaa cha pili cha kusambaza mtandao kiweke hapa sebuleni, kando ya cha kwanza," alisema mwanawe, mwenye nyumba. "Vitapendeza vikiwa pacha."

"Bwana mkubwa, taa mbili sebuleni zitamwangazia nani chumbani?" Fundi akavuta waya hadi kwa mama, akakifunga kifaa juu ya mlango.

"Basi kipe jina lake la mtandao na nywila yake," akasema mwanawe. " Kiite 'Nyuma'. Mama asije akatumalizia kasi."

Koleo likatua mezani kwa kishindo. Fundi akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Kwani mama amepanga hapa? Nyumba moja, jina moja! Akitoka na simu yake, isimkatikie njiani kama mgeni anayeulizwa kitambulisho."

Akaandika jina lile lile la kifaa cha sebuleni. Mama akampigia binti yake, akainuka, akapita koridoni akiongea, hata silabi moja isikatike. Sebuleni akaketi katikati ya kochi.

"Zima televisheni hiyo," akamwambia mwanawe. "Naongea na dada yako."