Mchungwa wa Marehemu

Juzi nilikuwa nasubiri kopi kwenye stesheneri moja hapa Mwanza, mama mmoja wa Nansio akampa simu binti wa kaunta. Marehemu mumewe alikuwa amemwandikia rafiki yake Mhispania, mtaalamu wa miti, kuuliza namna ya kuuokoa mchungwa wao uliokuwa unakauka. Jibu lilifika baada ya mazishi, kwa Kihispania.

Binti akaligeuza kwanza kwa Kiingereza kwenye kompyuta, kisha akamsomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. "Kata kijiti kwenye tawi ambalo bado ni bichi, ukiunganishe na mche wa mlimau."

"Kubebesha," mama akasema. "Mume wangu alikuwa anaita kubebesha."

"Anasema utakaoota utakuwa mti uleule."

Mama akafunga upya kitenge chake. "Vijana waliukata siku ya msiba. Kuni za kupikia watu zilikuwa zimekwisha."

Binti akaweka vidole kwenye kibodi. "Nimwandikie hivyo?"

"Hapana, mwanangu. Mwambie umechipua."

Binti akaandika.

Sisi tunaokwenda misibani huwa tunasifu wali. Kuni zimetoka wapi, hatuulizi.