Pikipiki ya Sista wa Magunga

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya idara ya afya pale Migori, Fundi Mkuu alinipa plagi kuukuu na brashi ya waya. "Isafishe, kisha unionyeshe cheche." Niliisafisha, nikaivika kofia yake, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka. Mafundi wote, wanaume tupu, walikuwa wameacha kazi kunitazama. Fundi Mkuu akawaambia, "Atieno amepita. Rudini kazini."

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa Magunga kutunza pikipiki za zahanati. Huko nilimkuta Sista Perpetua, muuguzi wa makamo aliyepeleka chanjo vijijini. Alikuwa ameanguka mara mbili, goti lina bendeji. Alisema injini ilimzimikia kwenye kona. Msimamizi wa Usafiri, aliyekaa Homa Bay, alikuwa ameandika barua kwamba hajui kuendesha. Ijumaa angekuja kuichukua pikipiki.

"Nyathina, mwanangu, mashine siijui," Sista akaniambia. "Lakini sikuanguka kwa uzembe."

Nilibadilisha plagi. Nikapima koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kuruka kama cheche. Ilikuwa nzima, na injini ilinguruma vizuri pikipiki ikiwa imesimama. Siku mbili zikapita hivyo. Alhamisi nikamwomba aipande, anionyeshe anavyokata kona. Alipogeuza usukani kulia, injini ikanyamaza.

Nikaling'oa tangi la mafuta. Waya wa swichi ya kuzimia ulikuwa umechubuka shingoni mwa usukani. Usukani ukigeuzwa kulia waya huo hugusa chuma, umeme hupotelea kwenye bodi na plagi hukosa cheche.

Ijumaa Msimamizi alipofika nilikuwa sijaufunga ule waya, kwa makusudi.

"Bwana, iwashe, kisha ugeuze usukani kulia mwenyewe," nikamwomba.

Akageuza mara tatu. Mara tatu ikazimika. Akavua kofia.

"Sista, nimekukosea. Ile barua nitaifuta."

Sista aliketi kwenye benchi. Akalia taratibu, nami nikaketi kando yake mpaka alipomaliza. Kisha nikafunga ule waya kwa tepu, akapakia sanduku la chanjo, akaenda zake.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana hunijia kuuliza habari za koili na plagi, nami huwaeleza. Halafu huwaambia wamsikilize kwanza anayeipanda pikipiki. Zile siku mbili nilizohangaika na koili, mimi pia nilikuwa nimeanza kumshuku Sista. Sikuwahi kumwambia.